Hotspoti ya Mwahija

Katika kijiji chao cha milimani, mbele ya Kipatimu, mtandao wa simu ulishika kwenye nyumba moja tu. Ilikuwa ya Mwahija, mjane, fundi cherehani, aliyekaa juu kabisa kwenye mwinuko. Mchana kutwa watu walipanda kwake kupiga simu, na wazee wa bondeni walifika wakihema. Mwahija akawaonea huruma. Akapanga na majirani: yeye awashe hotspoti, Evaristo wa nyumba ya chini yake aipokee na kuirusha kwa simu yake, wa tatu naye hivyo hivyo, hadi nyumba ya mwisho bondeni, kwa Rehani. Bando wakawa wananunua kwa zamu.

Mambo yalikwenda vizuri miezi saba. Kisha Evaristo akamshuku mkewe kwamba anaandikiana na mwanamume. Hakumwambia mtu. Usiku mmoja alibadili pasiwedi ya hotspoti yake tu, na wote wa chini yake wakakatika.

Alfajiri iliyofuata Sauda, mke wa Rehani, alishikwa na uchungu kabla ya siku zake kutimia, damu ikimtoka. Rehani akamwandikia muuguzi wa zahanati atume gari. Ujumbe haukwenda. Akadhani mtandao unasuasua kama kawaida yake, akaandika tena, akangoja. Saa tatu ndipo alipoukimbilia mlima. Mwahija akapiga simu palepale, lakini barabara ilikuwa tope tupu na gari lilifika saa saba. Sauda alifia njiani, na mtoto akiwa tumboni.

Msibani, habari ya pasiwedi ikiwa imeshajulikana, Evaristo alikaa pembeni ya jamvi, hakuna aliyemsemesha. Mwahija alidhani lawama zote ni za Evaristo. Alipokwenda kumpa Rehani pole, kijana huyo akamwamkia, kisha akasema taratibu, "Mama, zamani tungembeba kwa machela tangu alfajiri. Mimi nilikaa naitazama simu."

Mwahija alipanda kurudi kwake. Alizima hotspoti wiki mbili nzima, na cherehani hakuigusa. Watu walipomsihi aiwashe tena alikubali, ila kwanza alishuka nyumba hadi nyumba akiwaambia kwamba mgonjwa abebwe, ujumbe ufuate nyuma. Mtandao ukapitishwa kwa Kidawa, jirani wa upande wa pili, Evaristo akaachwa.

Rehani alikataa kuunganishwa. Mwahija hakumshawishi.