Mapazia ya Bi Pasi

Shangazi yangu alipiga pasi kila kitu. Mashuka, mataulo, kanga, hata vitambaa vya kupangusia meza ambavyo punde tu vingelowa tena. Mtaa mzima ulimwita Bi Pasi, na yeye hakununa. "Kuna mwenzangu mnamwita Redio," alisema. "Mimi nilalamike nini?" Mume wangu alikuwa na utani wake kwamba Bi Pasi akiachiwa atawapiga pasi hata watoto wachanga, maana wote huja na mikunjo.

Na watoto wachanga aliwajua. Alikuwa mhudumu wa wodi ya wazazi katika zahanati yetu, tangu ilipofunguliwa mpaka alipostaafu. Hakuwa sista wala mkunga. Alifagia, alifua, alichemsha vyombo.

Wodi yenyewe ilijengwa kwa msaada wa nchi moja tajiri ambayo hakuna kati yetu aliyejua hasa iko upande gani wa dunia. Sisi tuliiita Mradi, kana kwamba ni mtu tunayeishi naye. Mradi kaleta glavu. Mradi kachelewa safari hii. Mama akizidiwa na uchungu, Shangazi alimpa mkono auminye. "Minya tu, mwanangu," alisema, "huu mkono ni wa Mradi, ukivunjika wataleta mwingine."

Mimi niliuminya vilivyo, siku niliyomzaa binti yangu, kifungua mimba wangu. Hata leo nikisikia harufu ya sabuni ya kipande na mkaa unaoanza kushika moto, narudi kwenye chumba kile. Vitanda vyeupe vya chuma. Dirisha lililotazama kamba ya mashuka. Taa iliyotoa mlio mdogo kama mbu. Mume wangu alikuwa nje na chupa ya chai, akiizungusha kifuniko, anafungua, anafunga. Kando ya kitanda changu liliwekwa boksi la Mradi, na kila mama alipewa la kwake: glavu, pamba, wembe mpya, kibanio cha kitovu, mpira wa kutandika, na kitambaa laini cha kumpokelea mtoto. Ukimaliza, boksi unaondoka nalo. Nyumba zote za mtaa wetu zilikuwa na boksi hilo. Wengine waliweka nguo za mtoto, wengine vitunguu. Kwa jirani yangu kuku alitagia humo na kuangua. Langu bado ninalo, juu ya kabati.

Nayakumbuka hayo sasa kwa sababu mtoto niliyemzaa siku ile alirudi nyumbani mwaka huu na mimba yake ya kwanza, miguu imevimba, na presha yake inapanda. Hospitali kubwa iko mbali, na mvua ikishika barabara inakuwa uji. Kwa hiyo tegemeo letu lilikuwa wodi ileile. Ila wodi ileile haikuwa ileile tena, na namna ilivyofika hapo lazima nieleze, kwani Shangazi alikuwemo.

Binti yangu alikuwa bado wa kubebwa mgongoni, pale Sista wa wakati ule alipotangaza kwamba wageni wa Mradi wanakuja kuona hali.

"Hali gani?" Shangazi akauliza. "Mgeni anakaribishwa, anakunywa chai, anaondoka hajaona chupi zako kwenye kamba. Hiyo ndiyo hali."

Wakati huo wodi ilikuwa imeanza kuchoka. Magodoro yalichanika, bati lilivuja kwenye kona, na akina mama walikuwa wengi kuliko vitanda, wakilala mzungu wa nne, kichwa cha huyu kwenye miguu ya yule. Shangazi akapita nyumba kwa nyumba. Kwa huyu akaazima mashuka, kwa yule vikombe, kwangu mapazia. Yalikuwa mapazia yangu ya harusi, ya bluu yenye maua meupe, na nilimpa bila kujiuliza mara mbili. Aliyapiga pasi mpaka yakasimama yenyewe. Wazazi waliokuwa na nafuu walihamishiwa nyumba ya jirani wapumzike mpaka wageni waondoke, ili kila kitanda kibaki na mtu mmoja. Ndoo ya kukinga maji ya mvua ikafichwa nyuma ya choo.

Wageni walifika. Mzee mmoja mpole, mwanamama mmoja, na mkalimani. Mzee aliangalia vitanda, akalishika pazia langu kwa vidole viwili, akatabasamu. Akauliza tuna upungufu gani.

Sista alifungua mdomo, lakini Shangazi alimwahi. "Mwambie hatujambo, tunashukuru. Na anywe chai kabla haijapoa."

Mzee akasema maneno mengi. Mkalimani akayafupisha: "Anasema mmeshasimama wenyewe." Tukapiga makofi. Mimi nilikuwa mlangoni na mwanangu mgongoni, nikiyatazama mapazia yangu, na kusema kweli nilijiona kama mke wa waziri.

Hazikupita siku nyingi dereva aliyekuwa akileta maboksi akaja mikono mitupu.

"Bi Pasi, nimekuja kuaga. Mmewekwa kwenye kundi la waliofaulu."

"Tumefaulu nini?"

"Fungu lao ni dogo, mama, na zahanati ni nyingi. Wameamua kupeleka kwenye hali mbaya kuliko hapa."

"Kuliko hapa wapi?"

Dereva akatazama chini. "Kuliko hapa walipopaona."

Shangazi aliigeuza ile ndoo ya kukinga mvua, akaikalia. Alikaa mpaka dereva akaondoka. Jioni yake alinirudishia mapazia, yamepigwa pasi, yamekunjwa. Tangu hapo wazazi walianza kuja na wembe wao na beseni lao. Glavu zikafuliwa na kuanikwa kwenye kamba, vidole vinaning'inia. Nilikuwa nikipita pale nageuza uso. Wazazi wawili watatu waliopelekwa hospitali kubwa hawakufika, na mtaa haukuwasahau. Hakuna aliyemlaumu Shangazi, kwa sababu sote tulikuwa tumeazimisha kitu.

Alipostaafu akaja kuishi kwetu, yeye na pasi yake ya mkaa.

Basi siku moja mwaka huu tumekaa sebuleni, redio inasema nchi tajiri zinapunguza misaada. Mkwe wangu, mume wa binti yangu, ni mwalimu, na huwa haachi habari ipite bila kuitolea maelezo.

"Afadhali wapunguze," akasema. "Misaada ndiyo imetulemaza. Miaka yote hiyo wanatoa, na umaskini uko palepale."

"Wanatoa nini?" akauliza mume wangu, ambaye ni fundi baiskeli. "Mtu kapasuka paja, unampa plasta ya kidole. Halafu asipopona unasema plasta hazifai."

"Na wao wana shida zao, baba."

"Wanazo. Shida ya kuchagua gari la kwendea kazini na gari la kwendea kanisani."

"Hata wakitoa zaidi, zikifika huku zinaliwa njiani."

"Basi tumkamate mlaji, mwalimu. Mgonjwa ndiyo tumfungie mlango?"

Mimi nilikuwa namtazama binti yangu. Alikuwa amevua viatu, na mikanda ilikuwa imeacha mitaro kwenye ngozi. Shangazi alikuwa mezani anapiga pasi nepi ambazo hazikuwa na mtu bado. Akauliza bila kuinua kichwa, "Hivyo vinavyopunguzwa, na glavu zimo?"

"Na glavu zimo, bibi," akajibu mkwe wangu, sauti imeshuka. Baba mtarajiwa naye alikuwa na hofu yake, tofauti ni kwamba yeye aliificha kwenye maelezo.

Wiki ileile Sista wa sasa, msichana mwembamba anayefanya kazi ya watu watatu, akabisha hodi. Kulikuwa na shirika dogo linatafuta zahanati chache za kusaidia, na mgeni wao angekuja kesho yake.

"Bibi, nimekuja kuomba yale mapazia," akasema. "Kila mtu ananiambia hapa mtaani wewe ndiye bingwa wa kupokea wageni."

Shangazi akamtazama. "Wanasema hivyo?"

"Wanasema hivyo."

Akaniomba mapazia. Niliyatoa sandukuni na roho iko mkononi. Nikamwona anapuliza mkaa, anayanyunyizia maji, anayapiga pasi, ua baada ya ua. Nilitaka kumzuia. Lakini utamzuiaje mtu aliyekubeba mgongoni? Na mimi mwenyewe sikuwa na hakika. Nilifikiri, mgeni akiona uchafu atatudharau aondoke. Kisha nikafikiri, akiona usafi ataridhika aondoke. Nililala nikiwaza mgeni tu.

Asubuhi Shangazi aliyakunja mapazia, akayarudisha sandukuni, akafunga.

"Shangazi, Sista anayasubiri."

"Haya ni ya harusi yako. Wodi haijaolewa."

Tukaenda pamoja, yeye ananishika mkono. Alifagia, hilo hakuliacha. Akafuta kiti kimoja kwa ajili ya mgeni. Lakini Sista alipotaka kuwahamisha wazazi, Shangazi akakataa, wakabaki mzungu wa nne kama walivyolala. Ndoo ikabaki chini ya bati, na maji ya mvua ya jana yake ndani.

Mgeni alikuwa mwanamke kijana, anajua Kiswahili ingawa ulimi wake ulikuwa wa mbali. Akakaa kwenye kile kiti. Akauliza mna upungufu gani. Swali lilelile.

Shangazi akajifunga kanga vizuri. Watu wanadhani kuomba ni rahisi. Shangazi maisha yake yote hajawahi kumwonyesha mgeni shati lisilopigwa pasi. Alitoka nje, akarudi na glavu kutoka kwenye kamba, bado mbichi, akamwekea mgeni mkononi.

"Hii imefuliwa," akasema. "Nyingine pia zimefuliwa. Taa haiwaki. Mashine ya kupimia presha imekufa. Wageni walikuja zamani nikawaambia hatujambo." Akapumua. "Hatujambo, lakini hatuna vitu. Mjukuu wangu anajifungua mwezi huu na presha yake inapanda. Kule mbali hatafika."

Mgeni aliikunja ile glavu taratibu, kidole kwa kidole. "Mama, sitakudanganya," akasema. "Nilichonacho hakitoshi hata zahanati nilizotembelea wiki hii. Kwetu watu wengi wanaamini tunatoa sana, na wanaamini kwa moyo mweupe kabisa. Lakini si kweli. Tungeweza kutoa mara nyingi zaidi ya hapa na tusilale njaa."

"Kwa nini hamtoi?"

"Kwa sababu hawajakaa kwenye kiti hiki."

Shangazi akafikiri. "Basi kilete hichohicho kisichotosha," akasema. "Ila kilete kabla mwezi haujaisha."

Kililetwa. Taa moja ya sola, mashine moja ya presha, na maboksi ya kujifungulia, si mengi. Bati hawakuligusa. Magodoro hayakuja, wala mkunga wa pili. Mume wangu alipanda juu ya paa na vipande vya mipira ya baiskeli akaziba alipoweza, na mvua ikapata njia nyingine.

Binti yangu alishikwa na uchungu mchana, mawingu yamefunga mpaka ndani kukawa giza kama jioni. Taa ya sola ikawashwa. Mashine ikapima, Sista akaisoma, uso ukabadilika. Akakimbilia sindano. Sikuelewa kila kitu, ila nilielewa kwamba bila ile mashine asingejua, na bila kujua asingekimbia. Maji yalikuwa yanadondoka kwenye ndoo. Binti yangu alikuwa ameushika mkono wa Shangazi, mkono ambao sasa ni ngozi na mifupa.

"Minya, mama," Shangazi akamwambia. "Safari hii ukiuvunja hakuna anayeleta mwingine, lakini minya."

Mjukuu wangu ni msichana. Mkwe wangu alimpokea akashindwa kuongea, jambo ambalo mume wangu analisimulia mpaka leo.

Mimi sikusoma sana, na watu wa redioni hawatakuja kuniuliza. Wakija nitawaambia hawatoi vya kutosha, hata karibu na kutosha bado. Na nitawaambia kwamba mwanangu yuko hai kwa kile kidogo, na wanawake wengine wangekuwa hai kingekuwa kikubwa. Yote mawili nayajua kwa macho yangu.

Tuliporudi nyumbani nilipanga vitu vya mtoto. Nikateremsha boksi langu la zamani kutoka juu ya kabati, kadibodi imekuwa laini kama kitambaa, nikaliweka karibu na la binti yangu. Kisha nikalijaribu. La kwake liliingia ndani ya langu, na nafasi ikabaki pembeni.

"Hata boksi limepunguzwa," mume wangu akasema.

Shangazi alikuwa na shughuli yake. Alikuwa ameniomba pazia moja, nami nikampa. Alilikata vipande vya kumfunikia mtoto, maua meupe kwenye bluu, akapinda kingo kwa mkono. Mkaa ulikuwa umeshika. Chumba kilikuwa na harufu ileile ya miaka ile, na mtoto analia kwa nguvu, uso wote mikunjo.

"Mpeni Bi Pasi," mume wangu akasema.

"Mwache," akajibu Shangazi, na akaendelea na kitambaa chake.