Alama Kumi za Adabu

Mwaka niliostaafu kazi ya masjala wizarani, niliwatangazia watu wa mtaa wetu wa Sib kwamba nimeingia chuo kikuu. Haikuwa kweli. Nilikuwa nimejaza fomu tu, ya chuo cha mtandaoni kinachoendeshwa na watu wa kujitolea, kisichotoza ada, ambacho kila mwenye simu anaweza kujaribu. Ili uandikwe mwanafunzi hasa, lazima kwanza upasi somo moja la majaribio, na ukianguka mara mbili unaambiwa kwaheri. Hayo ya kuanguka sikuyatangaza. Nilikuwa na miaka sitini na moja, na harusini nilishaanza kuzungumza polepole kama msomi.

Somo lenyewe lilikuwa uongozi wa biashara. Kila wiki unaandika insha, kisha wanafunzi wenyewe mnasahihishana, kwa kuwa walimu ni wachache na wanafunzi wametapakaa dunia nzima. Unachagua insha tatu za wenzako, unatoa alama mpaka kumi na kueleza sababu. Hapo ndipo malezi yangu yaliponiponza. Kwetu jirani akikuletea sahani ya futari huirudishi tupu, wala humwambii kuwa sambusa zake zilizidi chumvi. Basi mimi kila insha niliipa kumi, na chini yake nikaandika: Mashaallah, Mungu akuzidishie. Insha nyingi sikuzimaliza kusoma.

Kati ya wenzangu alikuwapo Truphena, Mkenya, karani wa bohari la vipuri vya magari huko mtaa wa Ghala. Tulijuana katika ukurasa wa kujitambulisha, tukashangaa kuwa tuko mji mmoja. Ijumaa moja alikuja kwangu, nikamkirimu kahawa na halwa, na tangu siku hiyo hatukukosa kupeana kumi. Binti yangu Manal, ambaye ni mhandisi, alikuwa akiziona alama zangu anakunja uso.

"Mama, hao wanaokupa kumi wenyewe wanajua kitu?"

"Una husda na mama yako," nikamjibu.

Mtihani wa mwisho husahihishwa na kompyuta, na kompyuta haikulelewa na mtu. Alama ya kupasia ilikuwa sitini na tano. Nilipata thelathini na nane.

Sikumwambia mtu. Kesho yake Truphena akapiga simu.

"Mama Manal, nimefeli. Nimepata arobaini na moja."

"Pole, mwanangu. Hata mimi..."

"Ulikuwa unanipatia kumi kila wiki. Hizo insha ulikuwa unazisoma kweli?"

Nikatafuta uongo wa kumpa, sikuupata. "Nnasoma mwanzo," nikasema. "Nilikuwa sitaki kukuvunja moyo."

"Mimi huziandika saa ya lanchi nikiwa nimekaa juu ya katoni. Hakuna mtu mwingine wa kunisomea. Nipatie saba, lakini uniambie hiyo tatu imeenda wapi." Kisha akashusha sauti. "Na wewe pia unisamehe. Zako sikuwa nazimaliza. Mtu akikupatia kumi, utampatia ngapi?"

Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Nilikuwa nimemdanganya mtu aliyenihitaji, na uongo huo nikauita adabu.

Tukajiandikisha tena, mara ya mwisho. Insha ya kwanza ya Truphena niliisoma mara tatu, miwani puani, mwongozo wa kusahihisha mkononi. Swali lilitaka tulinganishe njia mbili za kuongoza wafanyakazi. Yeye alieleza moja tu, ya bosi wake, tena kwa uchungu. Nikampa nne, kama natia saini talaka. Nikaandika sababu, aya mbili, bila Mashaallah hata moja. Kisha nikakaa na simu mapajani nikisubiri kutukanwa.

Kilichokuja ni alama za insha yangu. Alinipa tatu, na chini yake maelezo: "Mama Manal, ukurasa wa kwanza wote ni salamu. Umemwombea dua mwalimu, mke wake na wazazi wake. Swali unalianza ukurasa wa pili, na hujalijibu."

Nilikasirika siku mbili. Mtu niliyemlisha halwa yangu! Siku ya tatu nikaisoma ile insha kama vile kaiandika mtu mwingine, nikazifuta salamu zote. Ikabaki mistari sita.

Tuliendelea kunyimana alama wiki saba nzima. Kuna wiki alinipa nane, nikampigia simu kumuuliza kama anaumwa. Kwenye mtihani Truphena alipata themanini na moja. Mimi nilipata sitini na sita, moja tu juu ya ile ya kupasia, na safari hii nikamwonyesha Manal matokeo kabla sijamtangazia mtu yeyote.

"Nani kakusaidia?" akauliza.

Ulimi ulikuwa tayari kusema nimejitahidi mwenyewe. "Truphena," nikamwambia. "Ndiye mtu wa kwanza aliyenisoma mpaka mwisho."