Hongay na Samaki wa Kuvunja Matanga

"Wewe mwizi wa mitego, samaki wa marehemu wangu huli!"

"Baki nao! Na hilo tumbo lizae samaki!"

Katikati ya maneno hayo, mama yake akimfukuza jirani mlangoni siku ya kuvunja matanga, alizaliwa Hongay, mwaka 1938, katika Tafowak, kijiji chetu sisi Waamis, wenyeji wa asili, pwani ya mashariki ya Taiwani. Jirani yule aliyetukanwa ndiye aliyempokea mtoto, kisha akaitwa ndani kula. Kwetu, baada ya maziko watu hushuka mtoni, huvua na kula pamoja. Hapo matanga huvunjwa. Asiyeitwa hubaki na msiba wake peke yake.

Alibatizwa mwaka 1956, akafundisha katekisimu miaka kumi na minane, na mwaka 1974 akachaguliwa mwenyekiti wa kijiji, mwanamke wa kwanza. Mabwana wa hoteli walipoutaka mlango wa mto, alikataa. "Tukiuza hapa, matanga tutavunjia wapi? Bafuni?" Watu walicheka, lakini mwaka 1993 wakamng'oa. Aliyekalia kiti chake, akatia sahihi ya kuuza, ni Kacaw, mdogo wake wa tumbo moja. Mtoni ukajengwa ua wa chuma. Vijana walioahidiwa kazi walipewa mifagio, msimu mmoja tu.

Hongay akaongoza bila cheo. Miaka ishirini na miwili alizungusha barua za kuudai mto ofisi hadi ofisi, huku akiitwa Bibi Kikwazo na walewale aliowafundisha kusali. Alipofiwa na mwanawe wa kwanza alizuiwa getini, ndoo mkononi; matanga yakavunjwa kwa samaki wa barafu kutoka sokoni. Waumini husimulia ajabu ya siku ile: hakumtukana mtu. Waliojua ulimi wake wanajua huo ni muujiza.

Alifariki tarehe 3 Machi 2015. Mto haukurudi. Samaki wa barafu wakapikwa tena, na Kacaw akaja akasimama uani kwa marehemu, kofia mkononi, mvua ikimnyeshea.

"Ana uso wa kuja huyu?"

"Mwacheni alowe, si alituuzia maji!"

Lisin, binti wa marehemu, aliwanyamazisha waombolezaji. Mama yake alikuwa ameacha neno, naye Lisin hakulipenda: atakayekuja na aibu yake, aitwe wa kwanza. Anayetaka kumuiga Hongay aanze hapo, palipo pachungu.

Lisin akashika bakuli, akasimama mlangoni.

"Mjomba, samaki ni wa sokoni, na sababu unaijua. Ingia ule."