Shemeji alitaka kuchoma kichaka cha tangu Maji Maji apande tumbaku, nikagoma

Wakuu, habari za jioni. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, sijasimuliwa na mtu. Hasira bado ninayo, kwa hiyo mnivumilie lugha.

Nimeolewa Mpitimbi, huku Songea. Watoto wawili, elimu yangu fomu foo.

Ukoo wa mume wangu una sehemu mbili. Moja ni shamba la mahindi, linachomwa kila mwaka kabla ya kulima, udongo umepauka kama majivu. Ndilo nililopewa nilishe watoto.

Nyingine ni kichaka kikubwa. Hapo waliishi mababu zao. Wakati wa Maji Maji, Wajerumani walichoma nyumba, maghala, mpaka mahindi shambani. Njaa ikaua wengi, waliobaki wakakimbia. Hakuna aliyerudi kulima, miti ikajiotea mpaka leo.

Sasa mdogo wa mume wangu akatangaza anafyeka chote, anachoma, anapanda tumbaku.

Nikachimba udongo pande zote mbili, nikampelekea bibi shamba. Wa kichakani mweusi, unashika maji. Akaniambia majani yakioza miaka yote hiyo yanaweka kaboni ardhini. Ukifyeka, ukachoma na kulima kila mwaka, kaboni inapanda hewani, wewe unabaki na vumbi.

Nikaenda na maneno hayo kwenye kikao cha ukoo. Tangu baba mkwe afariki, mama mkwe ndiye mwenye kauli.

Shemeji akacheka. "Shemeji, ulikuja kuolewa au kupima udongo?"

"Kuolewa. Ila Mjerumani alichoma hapa mara moja, wewe unataka kuchoma kila mwaka. Afadhali yule."

Mama mkwe akasema, "Mama Upendo, shamba lako likitoa chakula bila moto, kichaka kinabaki. Likikataa, kinafyekwa."

Mimi Mmatengo. Kwetu tunakata nyasi, tunazipanga miraba miraba, tunazifukia kwa udongo, katikati panabaki mashimo. Ndiyo ngoro. Nikachimba mpaka mgongo ukagoma.

Halafu kwa pupa nikapanda mahindi hapo hapo. Yakatoka ya njano, yamedumaa.

Shemeji akawa hakosi kupita asubuhi. "Shemeji, haya mahindi au vitunguu?"

Nikampigia mama yangu. "Nani alikufundisha kuanza na mahindi? Nyasi hata hazijaoza. Maharage kwanza." Na nililijua hilo tangu mdogo.

Nikang'oa yote, nikatia maharage.

Wakuu, tumevuna. Si ya kujaza ghala, ila watoto wanashiba. Mama mkwe alikuja mwenyewe, akazamisha mkono kwenye tuta, akatoa udongo wenye unyevu na mizizi. Akamwita shemeji.

"Panga la kufyekea lirudishe ndani. Kesho uje umsaidie mwenzio kukata nyasi."

Amekuja. Amenuna, lakini anakata.

Nilichojifunza: udongo uliochoka haurudi kwa msimu mmoja, bibi shamba kasema ni kazi ya miaka. Ila unarudi, mkiacha kiberiti nyumbani.

Mliofufua mashamba, niambieni baada ya maharage mlifanyaje. Na wa kuniambia mwanamke hana kauli kwenye ardhi ya ukoo, aje pia, nipo.