Mafuta ya Dada Sesilia

Juzi nilikwenda Sofu kumpaka mama mmoja mahututi mafuta matakatifu. Nilipofungua kichupa, binti yake mdogo alitabasamu. Nilijua anachofikiri, kwa sababu hata mimi niliwahi kufikiri hivyo hivyo.

Utotoni mwangu tulikuwa tukiishi Magindu. Dada yangu Sesilia alikuwa amelala mkekani, nyumba ikinuka jasho na uji uliochacha, kengele za ng'ombe zikilia nje. Padre aliingia, akasoma kitabu chake, akampaka dada mafuta usoni na viganjani. Nilidhani ni dawa. Mama alipolia, nilidhani analia kwa furaha.

"Padre, atapona lini?" niliuliza.

"Tumwachie Mungu, mwanangu."

Niliyasikia maneno hayo kama ahadi. Nilikimbia kwa jirani yetu, Bi Zaituni, aliyekuwa akipepeta mchele uani.

"Shikamoo bibi! Dada amepakwa dawa, anapona!"

"Marahaba," alisema, akajifunika uso kwa khanga.

Siku hizi maneno ya yule padre nayasema mimi, ninapokosa la kusema. Nimesoma vitabu vingi vya dini nikitafuta jibu la swali langu la siku ile, na sijalipata.

Niliporudi nyumbani kutoka kwa Bi Zaituni, nilimnong'oneza dada kwamba jioni tutacheza rede.

"Haya, tangulia wewe," alisema. "Nakuja."

Nilitoka, nikaanza kuchora mistari ya rede mchangani. Nilikuwa bado nachora wakati mama alipopiga yowe.