Maharage Yaliyogoma Kuiva

Enzi zetu maji hayakuwa na tabia. Yalikuwa machafu au masafi, ya karibu au ya mbali, basi. Hakuna aliyewahi kusema maji ni magumu. Ugumu ulikuwa wa mawe, wa maisha, na wa kichwa cha mtoto aliyeshindwa hesabu. Wenzangu mliokulia huku kwetu, upande wa Ushirombo, kabla bomba halijafika, mnajua ninachosema.

Tulichota kisimani, bondeni nyuma ya shule. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na chura wake juu. Mama alikuwa akituagiza, "Mkimkuta chura anaogelea, choteni. Mkimkuta amelala chali, rudini." Tulikwenda asubuhi kabla ya shule, na jioni tena baada ya kucheza rede, ndoo kichwani, tawi la majani juu ya maji ili yasimwagike. Njiani tulitafuna michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa juani. Unaficha kimoja shavuni ukiwa kisimani, ukifika nyumbani ndiyo kwanza kinaanza kulainika. Watoto wa siku hizi wanakula biskuti zinazoyeyuka kabla hawajafunga mdomo, halafu tunashangaa meno yanang'oka bila kugombana na mtu.

Na maji yale yalijua kazi. Ukizungusha kipande cha sabuni ya mche kidogo tu, povu linapanda mpaka viwikoni. Tulipuliza mapovu kwa bua la jani la mpapai, tukashindana la nani litavuka ua wa jirani kabla halijapasuka.

Kisha bomba likaja. Kilichimbwa kisima kirefu kwa mashine, maji yakasukumwa mpaka kwenye tenki, yakashuka hadi karibu na stendi. Siku ya kufungua, kwaya ya kigango iliimba. Mzee mmoja wa ng'ombe wengi alitazama ndani ya ndoo, akatikisa kichwa. "Haya maji masafi mpaka nina wasiwasi kama yamo," akasema. Tulikunywa hadi matumbo yakawa ngoma.

Hatukukaa sana tukaanza kuona vituko. Unasugua shati, unasugua, badala ya povu unatoka ute wa kijivu unaoganda kwenye beseni kama uji wa jana. Sabuni inakwisha, uchafu umebaki. Mashati meupe ya shule yakawa na rangi isiyo na jina, na mwalimu wa usafi hakutaka kusikia kwamba tumefua. Chai ikavaa utando. Ndani ya birika likaota gamba jeupe, na hapo ndipo mji mzima ulipokosea: ikasemwa lile gamba ni dawa iliyotiwa kwenye maji kuua wadudu. Shangazi yangu alikuwa mjamzito, na kama wajawazito wengi wa kwetu alikuwa akinunua udongo wa kutafuna sokoni. Akaacha kununua. Akawa anakwangua birika kwa kijiko, anatafuna kru, kru. "Huu udongo wa bure," alituambia, "na umeshachemshwa." Kwa hesabu za biashara, sikuwahi kuona aliyempita. Mtoto aliyezaliwa, leo ni fundi wa marumaru. Sisemi kitu.

Kwa mama yangu, hata hivyo, hakikuwa kichekesho. Alikuwa na banda la chakula pale stendi, na banda hilo ndilo lililotuvisha na kutusomesha. Wali kila mtu alipika. Kwa Mama Neema (Neema ni mimi) watu walikuja kwa ajili ya maharage, laini, mchuzi mzito, kitunguu hukioni ila unakisikia. Wachimbaji waliokuwa wakielekea Nyarugusu walishuka garini na kuja moja kwa moja bila kuuliza njia. Ghafla maharage yakagoma. Anayaloweka, anayainjika alfajiri, mchana yanafika mezani yanagonga sahani.

"Mama Neema," mchimbaji mmoja akasema mbele ya wenzake, "mimi mawe nimeyaacha mgodini. Haya yapeleke karasha yakasagwe, huenda yakatoa dhahabu."

Benchi zima likacheka. Kesho yake nusu ya benchi ikahamia kwa jirani wa chipsi. Mama akatia magadi. Maharage yakalainika, lakini yakageuka rangi na kuteleza, wateja wakauliza kama leo ni siku ya mlenda. Jirani wa chipsi, kwa huruma yake, akamshauri ahamie kwenye mitumba. Mama akafunga khanga vizuri kiunoni. "Banda hili nitalifunga siku nikizikwa," akasema. "Haragwe la kunifungia halijapandwa."

Akanikabidhi kikapu, tukaenda sokoni kwa Mama Kulwa. Huyu ndiye aliyemuuzia maharage miaka yote, rafiki yake tangu wakiwa wasichana.

"Umeniuzia maharage yaliyolala ghalani mpaka yamesahau kuiva," Mama akaanza, bila hata salamu.

"Ni ya mavuno haya haya, mwenzangu. Sema wewe siku hizi mvivu wa kuni."

"Mimi mvivu?"

"Au sufuria yako imerogwa, mimi nitajuaje? Usinichafulie biashara mbele za watu. Jumapili baada ya misa njoo kwangu, uje na maharage yako hayo hayo. Nitakupikia uyameze bila meno."

Tukaenda. Mama alibeba maharage mwenyewe, yamefungwa kwenye pindo la khanga. Alikagua sufuria, akainusa, akahesabu kuni, akarudia kuzihesabu. Tabia hiyo nimeirithi yote. Mama Kulwa aliishi ng'ambo ya bonde, ambako bomba lilikuwa halijafika. Maharage yakaiva kabla wale wawili hawajamaliza kununiana.

Mama akaonja moja, akaonja la pili, akaweka kijiko chini. Mwishowe akasema, "Basi na wewe njoo upike kwangu."

Mama Kulwa akaja kesho yake na maharage yake, sufuria yake, hata kuni zake kichwani, kama mtu anayehama. Akainjika. Adhuhuri ikapita. Akaonja moja, likamgonga jino. Akachochea moto, akaonja tena.

"Moto wa kwenu una wivu," akasema, lakini sauti ilishapungua.

Wakatazamana. Sufuria yake, kuni zake, maharage yake. Chetu kilikuwa kimoja tu, kimejaa ndooni, safi mpaka hakionekani.

"Ni maji," Mama akasema polepole. "Haya maji ni magumu kuliko mimi." Akachungulia ndani ya ndoo. "Hapana. Si kuliko mimi."

Kuanzia siku hiyo tukawa tunapita pale bombani na ndoo tupu, tunateremka bondeni. Waliokuwa kwenye foleni walishikana mabega kwa kicheko. "Mama Neema, bomba hili hapa, unakwenda kunywa na vyura?" Mama alijibu bila kusimama, "Vyura wangu hawagomi." Mvua zilipoanza akafunga mfereji wa bati kwenye paa na pipa chini yake. Mvua ya kwanza aliiacha ioshe bati, zilizofuata zikawa za maharage, na ole wake aliyenawa miguu kwa maji yale. Benchi likajaa tena. Yule wa karasha alirudi, akala, akasukuma sahani mbele aongezewe.

Ikabaki kesi ya sokoni. Mama akafika kwa Mama Kulwa, akauliza bei, akatoa hela yote aliyotajiwa. Mama Kulwa hakupokea.

"Mbona huombi nipunguze?"

"Bei yako nzuri."

"Nzuri tangu lini? Anayenilipa bei yote ni mgeni, au ana kinyongo. Mgeni wewe siyo. Haya, tupatane."

Mama akainama, akachezea maharage kwa vidole muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Haya yenyewe yametobolewa na wadudu," akasema.

"Wadudu wako machoni mwako!"

Wakavutana mpaka watu wakasimama kutazama. Neno samahani halikutajwa. Kupatana kulitosha kwa bei na kwa moyo.

Leo nina nyumba yangu hapa hapa mjini, bomba liko ndani, na maji ni yale yale, yenye chokaa ya chini ya ardhi. Birika za umeme zinakufa kwa gamba, wanangu wanasema, "Mama, nunua tu nyingine." Binti yangu analaumu sabuni ya nywele, anabadilisha chapa, maji habadilishi. Mimi nimefunga mfereji na tenki chini yake, na maharage ya nyumba hii yatapikwa kwa maji ya mvua nikiwa hai, acheke atakayecheka. Hilo watalirithi, wapende wasipende. Lakini lile lingine sijui nitawapaje. Maharage wanayaleta kwenye pakiti, bei imebandikwa, wanalipa kwa simu bila kufungua mdomo. Yakikataa kuiva wanayamwaga, wanaagiza aina nyingine. Hawana muuza maharage wa kugombana naye, basi hawana hata wa kupatana naye.