Nesi wa Kwenye Muvi

Cresensia Gwandu hakuwahi kumaliza filamu bila kugombana nayo. Wenzake wa wodi ya wazazi walishamzoea. Wao wakitokwa machozi kwa sababu steringi kaachwa na mchumba, yeye anauliza kwa nini tajiri analala na viatu, na kwa nini mgonjwa mahututi kapakwa rangi ya mdomo. Dripu imebandikwa juu ya mkono wa shati! Mama anapiga kelele tatu, ya nne mtoto huyo katoka, ana miezi mitano na meno yako njiani. "Wanatuona wajinga," husema, na hasira hiyo si ya mzaha, maana yeye ni mkunga wa miaka ishirini na sita, na hakuna mtoto aliyewahi kumtokea mikononi akiwa amechanwa nywele.

Hata hivyo alizipenda. Kila Jumamosi akitoka sokoni Karatu alipitia kwa Inosenti, kijana mwenye kibanda cha kuwajazia watu filamu kwenye flashi. Kituo chao cha afya kilikuwa na nyumba ya kusubiria, ambako akina mama wanaotoka mbali, wa Baray na wa juu Ngorongoro, hukaa wiki mbili tatu wakingoja siku zao. Ukutani palikuwa na televisheni moja, na Cresensia ndiye aliyeitafutia chakula.

"Hii imetoka juzi tu, Sista," Inosenti alimwambia Jumamosi moja ya mwezi wa saba. "Ina mambo ya hospitali. Watu wanalia, halafu wanaomba irudiwe."

"Za hospitali ndizo wanazoziharibu zaidi."

"Hawa wamefanya utafiti, Sista. Utaona."

Jumapili baada ya chakula cha mchana akaichomeka. Aliona dakika kumi tu: korido inayong'aa kama hoteli, na nesi aliyevaa kisigino kirefu. Ndiyo kwanza alikuwa ameanza kukitukana kile kisigino alipoitwa chumba cha kuzalia. Walikuwa mapacha, na wa pili alitanguliza miguu. Alipotoka huko, saa kumi na moja ilikuwa imepita. Televisheni ilikuwa imezimwa, na akina mama wamekaa vitandani kimya. Alikuwa amechoka. Akapitiliza kwenda kulala.

Jumatatu asubuhi kitanda cha Nanyokie kilikuwa kitupu.

Nanyokie alikuwa binti wa miaka ishirini kutoka juu, aliyekuja pamoja na mama mkwe wake, Naishorua. Mtoto wake wa kwanza alitolewa kwa upasuaji, na kovu lake halijamaliza miaka miwili. Huyu wa pili alipangiwa upasuaji siku ya Alhamisi. Uchungu ukimkuta bomani, kovu linaweza kuachia, na kutoka bomani kwao mpaka penye daktari ni safari ya nusu siku.

"Wameondoka alfajiri," alisema mama mmoja wa Baray.

"Kwa nini?"

Yule mama akaitazama televisheni. "Ni yule nesi, Sista. Anaiba watoto wa maskini, anawauzia matajiri. Mama anaambiwa mtoto kafa, anapewa boksi lililofungwa. Nanyokie alikuwa anamtafsiria mkwewe kwa Kimaasai, hakumwachia hata kipande."

Cresensia akaiwasha, akaikimbiza mbele akiwa amesimama. Akamwona nesi wa kwenye muvi anapita getini, kamficha mtoto ndani ya mkoba wa begani, na mlinzi anampungia mkono.

"Mkoba!" alipiga ukelele. "Mtoto wa kilo tatu ndani ya mkoba, halii, hapumui?"

Hakuna aliyecheka. Aliwafikiria watu waliokaa mahali penye kiyoyozi wakaitunga ile hadithi, ambao hawajawahi kumshika mama anayetoka damu nyuma ya gari bovu, mlima mbele na mlima nyuma. Angewapata, angewakabidhi zamu yake moja tu, halafu waje waseme tena manesi ni nani.

Akachukua bodaboda. Magari ya watalii yaliwapita kwa kasi yakielekea lango la hifadhi, naye njia nzima alikuwa akisema peke yake, mpaka dereva akageuka kuuliza kama anaambiwa yeye.

Aliwakuta karibu na lango, wameketi kwenye majani kando ya barabara, wanangoja lifti ya kupanda juu. Nanyokie alikuwa ameshika kiuno.

"Takwenya, yeyo," Cresensia alimwamkia mama mkwe kwanza, kwa Kimaasai, ingawa ulimi ulikuwa unamwasha.

"Iko," Naishorua alijibu bila kumtazama.

"Nanyokie, mwanangu, ile ni filamu. Uongo mtupu. Wale ni waigizaji, na mtoto mwenyewe ni mdoli."

"Najua ni muvi, Sista. Nimesoma mpaka darasa la saba."

"Sasa unakimbia nini? Unataka kufa?"

Nanyokie aling'oa majani, akayatupa. "Yule nesi alimwambia yule mama, 'Kadi huna, tarehe hujui, umekuja kufanya nini hapa?' Siku niliyofika, wewe uliniambia hivyohivyo. Mama mkwe aliniuliza umesema nini, nikamficha. Jana nilipoyasikia kwenye muvi, nikashindwa kumficha tena."

Cresensia alifungua kinywa akane. Lakini aliikumbuka siku ile. Ilikuwa Jumanne, wakunga wawili, wazazi tisa, na yeye hajaonja hata chai. Sababu alikuwa nazo, na zote zilikuwa za kweli. Hasira ikampanda upya, na safari hii hakuona mtu wa kumtwisha. Ile filamu ilikuwa imekosea kila kitu, dripu, kisigino, mkoba, lakini ulimi wa Cresensia iliupatia barabara.

"Nilikosa," alisema. Ilimtoka kwa ukali, kama anakaripia. Akajaribu tena. "Nilikosa, mwanangu. Hukustahili maneno yale. Nichukie ukitaka. Lakini kovu lako halingoji tupatane."

Nanyokie akatafsiri. Fuso la mizigo likasimama, utingo akauliza kama wanapanda. Naishorua alimgeukia Nanyokie. Alisema kwa muda mrefu, kwa sauti ya chini, fimbo yake ikichora vumbi, mpaka Fuso likaondoka.

"Anasema tutarudi," Nanyokie alisema, "ila mtoto akitoka, yeye ndiye atakayemshika kwanza. Kabla ya mizani, kabla ya kila kitu. Na asitoke machoni pake."

"Taratibu haziruhusu mtu kuingia chumba cha upasuaji," Cresensia alianza, kwa mazoea, halafu akajikatiza. "Atasimama mlangoni. Nitamletea mwenyewe."

Waliporudi kituoni, mganga mfawidhi alikataa. Ndipo Cresensia, ambaye hajawahi kumpandishia sauti mkubwa wake wa kazi, akampandishia. "Kwa wazazi tunapayuka kila siku, hakuna anayeuliza taratibu!" Wauguzi wakasimama koridoni kusikiliza. Mganga akaweka kalamu chini, akasema sawa, mlangoni tu.

Jumanne Cresensia akamrudishia Inosenti flashi. "Futa."

"Kwani wamekosea wapi, Sista?"

Alikuwa na orodha ndefu, ameiandaa njia nzima. Akaimeza, akaondoka akiwa amefura kuliko alivyokuja.

Alhamisi saa nne asubuhi Nanyokie alipata mtoto wa kike, aliyelia kabla mwili haujatoka wote. Cresensia alimkausha, akamfunika, akaenda naye mpaka mlangoni. Naishorua alikuwa amesimama palepale alipoachwa, shuka limetandazwa mikononi tayari. Akampokea. Akamkagua vidole vya mkono, vya mguu, nyuma ya masikio, chini ya kidevu. Akamnusa utosini.

"Sista, mizani!" daktari aliita kutoka ndani.

Bibi alikuwa amerudia vidole, safari hii polepole zaidi.

"Sista!"

"Subiri!" Cresensia alijibu, kwa sauti iliyofika mpaka wodini, wala hakuondoka pale mlangoni mpaka Naishorua mwenyewe alipomfunika mtoto vizuri na kumrudishia.